Mkono Mtupu wa Emilia

Zahanati ya Dakta Kefa pale Makutupora ilikuwa na dawa ya karibu kila ugonjwa, ila ya wivu hawakuwa nayo. Inspekta Kuluthumu Zaidi alilijua hilo kabla hata hajamaliza kusalimia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” nesi Restuta akajibu, na hapohapo, bila kuulizwa, akanyoosha kidole ukutani. “Umemwona? Mtazame vizuri. Huyo ndiye aliyekabidhiwa zahanati.”

Ukutani ilining’inia picha ya nesi Anitha amesimama katikati ya wakaguzi wa afya, cheti mkononi, meno yote nje. Restuta naye alikuwamo pichani, lakini pembeni kabisa, bega moja limemezwa na fremu.

“Mimi nimeanza na daktari hapa pakiwa chumba kimoja na ndoo,” akaendelea. “Nimefagia, nimechemsha vifaa, nimezalisha wanawake kwa tochi. Leo anakuja mtoto wa juzi, harufu ya chuo haijamtoka, anaitwa msimamizi wa ubora na usalama! Ananikagua mimi kama nimenawa mikono! Mimi, Restuta!”

“Sijaja kwa habari ya vyeo, mama. Nimekuja kwa habari ya Emilia.”

Habari ya Emilia ilikuwa imeshafika mpaka mjini Dodoma, na kila ilipopita ilinenepa. Ukiipukuta chumvi, ilibaki hivi: jana asubuhi Meshack, mfugaji wa hapohapo Makutupora, alimleta mkewe Emilia, mvunaji wa zabibu, akiwaka homa ya mapafu. Nesi Anitha akamchoma sindano ya penisilini. Haukupita muda uso wa Emilia ukavimba, koo likaziba, akaanguka. Mwili wake na penisilini havipatani hata kidogo, na zahanati ilikuwa na kumbukumbu yake, kwa sababu Dakta Kefa mwenyewe alishamfunga utepe mwekundu wa plastiki mkononi. Kila mgonjwa mwenye dawa inayomdhuru alifungwa utepe kama huo, akaenda nao nyumbani, akalala nao, akavuna nao.

Sasa Emilia alikuwa amelazwa hospitali ya rufaa mjini, hajitambui, na Anitha alikuwa mahabusu, akishikilia kwamba hakuona utepe wowote. Mkuu wa upelelezi alikuwa amesema wazi kwamba jalada liende kwa wakili wa serikali jioni hiyohiyo. Emilia akifa, Anitha atasomewa shitaka la kuua bila kukusudia. Asipokufa, leseni ya uuguzi itafutwa vilevile. Mashahidi wa kummaliza walikuwa wawili: Meshack, aliyeapa kwamba hakuulizwa kitu, na huyu Restuta.

“Emilia alipoingia wewe ulikuwa wapi?”

“Dirisha la dawa, palepale. Niliona mwanzo mpaka mwisho. Mumewe hajashuka hata kwenye pikipiki ananiuliza, ‘Daktari yupo?’ Nikamwambia hayupo, yuko mjini kwenye semina. Akasema, ‘Afadhali.’ Nikajua huyu kachanganyikiwa. Akamshusha mkewe, akamwingiza kwa Anitha.”

“Na utepe?”

“Niliuona kwa macho yangu haya! Mwekundu, mkono wa kushoto. Anitha ndiye hakuutazama. Ana kiburi yule binti, akishashika bomba la sindano hamwoni mtu.”

“Emilia alikuwa amevaa nini?”

“Koti la mumewe, lile zito la kuchungia ng’ombe. Maskini alikuwa anatetemeka, amejikunyata humo ndani kama kifaranga.”

“Koti la mwanamume. Mikono yake inafika wapi?”

“Inapita vidole kab...” Restuta akasita. Akakamata ncha ya aproni yake na kuanza kuikunja.

“Alilivua wakati gani?”

“Hakulivua. Sindano alichomwa kwenye nyonga. Hata gari la wagonjwa lilipokuja, alipakiwa nalo.”

“Wewe uko dirishani, yeye yuko ndani ya koti linalopita vidole. Utepe uliuonaje?”

Koplo Mudrick, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa kidogo. Restuta akamtazama yeye, kisha akaitazama ile picha ukutani, kisha machozi yakaanza kumshuka.

“Si huwa anao! Kila mtu anajua anao.”

“Sikukuuliza huwa. Nimekuuliza jana.”

“Nilijua anao, ndiyo maana nikasema niliuona. Sikuona, lakini nilijua.”

“Mama, kwa maneno hayo ungempeleka mwenzio jela.”

“Ungekuwa wewe ungefanyaje?” Restuta akalipuka. “Miaka yote hiyo nimemtumikia daktari, halafu siku ya wageni naambiwa sogea pembeni kidogo, unamziba Anitha! Nilifurahi, ndiyo! Mungu anisamehe, nilipomwona anaingizwa kwenye gari la polisi nilifurahi!”

Walipotoka nje, Mudrick hakuweza kujizuia. “Afande, kazi imekwisha. Ni huyu mama. Kaukata utepe mwenyewe kwa siri, mwenzake aungue. Mwanamke mwenye wivu si wa kuchezewa.”

“Na mwanamume mwenye wivu je, ni wa kuchezewa?”

“Ah, sisi wanaume hatuna mambo hayo.”

Kuluthumu akageuka kumtafuta daktari.

Dakta Kefa alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono kichwani. Alikuwa bado kijana, mtanashati, shati limenyooshwa mpaka lina mistari, na marashi yake yalimtangulia kabla hujamfikia. Alisimama kwa heshima.

“Daktari, ule utepe mtu anaweza kuufungua mwenyewe?”

“Haufunguki, afande. Ukishabanwa, unatoka kwa kukatwa tu. Nilitaka hivyo makusudi. Watu wa hapa wakizidiwa hawawezi kusema, na wapo wazee ambao hata wakiwa wazima Kiswahili kinawapiga chenga. Utepe unawasemea. Wakaguzi waliusifu sana.”

“Emilia ulimfunga lini?”

“Mwaka jana, aliponusurika mara ya kwanza. Wavunaji wenzake ndio waliomleta, mumewe alikuwa mbali na ng’ombe. Mara ya mwisho kuja hapa ilikuwa wakati wa mvua, na alikuwa nao.”

“Baada ya hapo hakurudi?”

“Hakurudi mpaka jana. Afande, Anitha si mzembe. Nesi wa namna ile hukosei kumpa funguo.”

“Umemwambia hivyo Restuta?”

Daktari akatahayari. “Restuta ni kama mama yangu. Sikudhani anahitaji kuambiwa.”

“Ulikosea hapo,” Kuluthumu akasema, akaingia garini.

Njiani kurudi mjini upepo wa Agosti ulikuwa unarusha vumbi mpaka taa za magari zikawashwa mchana. Mudrick aliendesha akiendelea na hoja yake ya Restuta, akaipamba, akaiongezea mkasi na chupa ya spiriti. Kuluthumu alimwacha aseme. Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa na kosa moja, kwamba Emilia hakukanyaga zahanati tangu mvua mpaka alipoletwa ndani ya koti, na hilo koti halikuvuliwa.

Anitha alitolewa mahabusu akiwa peku, macho yamevimba. Alikuwa bado na sare yake ya kazi, imejaa vumbi la sakafuni. Kuluthumu alimsogezea kiti.

“Nieleze ulivyofanya. Usiruke hata hatua moja.”

“Kwetu sindano haichomwi kabla ya mambo matatu, afande. Unatazama mkono, unauliza, unahakiki kwenye kompyuta. Jana umeme ulikuwa umekatika, kompyuta haiwaki. Nikatazama mkono. Nilikunja mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto, halafu na wa kulia nisije nikakosea. Mkono ulikuwa mtupu.”

“Mtupu kabisa?”

“Mtupu. Nikamuuliza Emilia, hanisikii, anaweweseka. Nikamuuliza mumewe, ‘Kuna dawa yoyote inayomdhuru?’ Akasema hakuna. Nikamuuliza tena. Akanijibu kwa ukali, ‘Nimesema hakuna.’”

“Mgonjwa alishakuja kwenu zamani. Kwa nini hukungoja umeme?”

“Mimi sikuwahi kumhudumia, na mbavu zilikuwa zinaingia ndani, afande, midomo imeanza kuwa ya bluu. Ningengoja angenifia mkononi. Alipoanza kuvimba nikamchoma ya kumwokoa, nikampa hewa mpaka gari likaja.” Akajifuta uso kwa kiwiko. “Na kama nilikosea kutazama, basi nifungwe. Lakini sikukosea. Ule mkono nauona hata nikifumba macho.”

“Restuta anasema ulikuwa na utepe.”

Anitha akainamisha kichwa. “Dada Restuta hajawahi kunipenda. Nilimletea hata zabibu, akampa mbwa.”

Kuluthumu hakucheka, ingawa Mudrick alitaka kucheka. Alimwambia askari wa zamu ampe yule binti kandambili, na wakaondoka kwenda hospitali ya rufaa.

Emilia alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mrija mdomoni, kifua kikipanda na kushuka kwa msaada wa mashine. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mirefu iliyoungua jua. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliwaruhusu waingie kwa sharti wasiongee sana. Lile koti la kuchungia lilikuwa limeshakatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye mfuko.

Kuluthumu aliinua mkono wa kushoto, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Juu ya kifundo kulikuwa na mstari wa ngozi iliyokuwa na rangi tofauti na mkono wote, kama anavyokuwa mtu aliyezoea kuvaa saa. Lakini mstari wenyewe ulikuwa umeanza kufifia. Jua lilikuwa limekwisha kuupata. Na kando ya mstari palikuwa na kidonda kidogo, kirefu kama punje ya mpunga, kimekauka, gamba lake linabanduka.

“Dada, kidonda hiki ni cha jana?”

Muuguzi akainama. “Cha jana? Hapana. Cha jana kingekuwa kibichi. Hiki hakipungui wiki, labda na zaidi.”

“Mmekata kitu chochote mkononi mwake alipofika?”

“Koti tu. Mkononi hakuwa na kitu.”

Mudrick alikuna kichwa. “Kwa hiyo si Restuta.”

“Si Restuta, na Anitha amesema kweli. Utepe umekatwa nyumbani, Emilia akiwa mzima, akivuna kama kawaida. Aliyeukata alitumia kitu kikali kikamgusa na ngozi. Sasa jiulize, Mudrick. Mkeo anaungua homa, mbavu zinaingia ndani, unamkimbiza zahanati, unaambiwa daktari hayupo. Utasema nini?”

“Nitasema nimekwisha.”

“Meshack alisema afadhali.”

Mudrick akautazama ule mfuko wa koti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, na safari hii nguo yenyewe ilikuwa koti.

Meshack alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa wodi. Mtu mrefu, mifupa mikubwa, amekumbatia chupa ya uji na furushi la khanga za mkewe. Tangu jana hakuondoka pale isipokuwa mara moja, alipokwenda kituoni na ndugu zake kupiga kelele nesi anyongwe. Kuluthumu aliketi kando yake.

“Mbukwa, Meshack,” akamsalimia kwa Kigogo.

“Mbukwa, afande. Yule nesi mmemfunga, au mmeshamwachia?”

“Yuko ndani. Nataka nimalize jalada lake. Alikuuliza kama mkeo ana dawa inayomdhuru?”

“Hakuniuliza.”

“Hata mara moja?”

“Hata.”

“Kidonda cha mkononi mwa mkeo ni cha nini?”

Meshack akahamisha chupa ya uji kutoka goti hili kwenda lile. “Zabibu. Mkasi ulimteleza akivuna.”

“Mvunaji anashika kichala kwa kushoto, anakata kwa kulia. Mkasi ukiteleza unakula vidole. Wazazi wangu ni wakulima, Kondoa huko, usinifundishe mkasi. Huu umekula juu ya kifundo, pale utepe ulipokaa. Nani alikuwa ameshika mkasi?”

Meshack akaanza kukaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimeshakaza.

“Jana ulipoambiwa Dakta Kefa hayupo, ulisema afadhali. Afadhali ya nini?”

Jina lile lilifanya kazi ambayo maswali yote hayakuifanya. Shingo ya Meshack ikatuna. “Usinitajie huyo mtu!”

“Kakukosea nini?”

“Wewe hujui walivyokuwa wananiambia kilabuni.” Aliongea akitazama sakafu, maneno yakaanza kumtoka kwa kasi. “Kila nikinyanyua kibuyu. ‘Meshack, ng’ombe zako zina alama yako, mkeo ana alama ya nani?’ Wanacheka mpaka pombe inawatoka puani. Kwetu, afande, mnyama akitiwa alama ana mwenyewe. Hata akipotea mpaka Gulwe, watu wakiona alama wanajua wa nani. Mimi nimetoa ng’ombe kwa baba yake Emilia, wazima, wenye maziwa. Halafu kijana ananukia marashi anamshika mke wangu mkono, anamfunga kitu hakifunguki! Hakifunguki, afande! Nimejaribu yeye akiwa amelala.”

“Hakukwambia ni cha nini?”

“Aliniambia. Kila nikiuliza aliniambia. Ni cha dawa, Meshack, siku nikizidiwa kitanisaidia. Nami najiuliza, dawa gani hiyo inafungwa mkononi? Akienda kuchota maji nakiona kinang’aa. Akicheka nadhani anamcheka yeye. Akinyamaza nadhani anamuwaza yeye. Wivu uliniingia mpaka nikawa nakula ugali siusikii ladha.”

“Ukaukata.”

“Sikuukata kwa nguvu!” Alimgeukia Kuluthumu kwa mara ya kwanza, macho mekundu. “Nilimwambia achague. Utepe, au mimi. Na nilijua atachagua utepe. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baba yake nikimrudisha. Hakubishana. Aliweka mkono wake hapa, juu ya goti langu, akageuza uso pembeni. Nikakata. Mkasi ukamchuna kidogo, hakusema hata aa.”

Mudrick alikuwa ameacha kuegemea ukuta.

“Na jana?” Kuluthumu akauliza. “Nesi alipokuuliza?”

“Aliniuliza.” Akalivuta furushi la khanga karibu. “Aliniuliza mara mbili. Ningesema kuna dawa inamdhuru, ningekuwa nimekubali kwamba Emilia alikuwa anasema kweli siku zote, na mimi ndiye mjinga. Nikasema hakuna. Nilijua anachomwa, nikajiambia, sasa tutaona kama ni kweli.”

“Ukaona.”

Meshack akalalia lile furushi la khanga, mabega yakaanza kumtikisika. Watu waliokuwa wakipita koridoni walimwonea huruma, wakidhani ni mume aliyeelemewa na uchungu, na kweli uchungu alikuwa nao.

Kuluthumu alisimama, akapiga simu kituoni. Alizungumza kwa kifupi na mkuu wa upelelezi. Jalada la Anitha lisiende popote. Restuta aitwe kuandika maelezo mapya, na safari hii aandike alichokiona tu. “Na yule binti arudishiwe viatu vyake,” akamalizia. “Mwambieni aende nyumbani akaoge.”

Aliporudi kwenye benchi alimkuta Meshack amekaa wima, amejifuta uso. “Utanifunga, afande?”

“Utaandika maelezo. Yatakayofuata si yangu, ni ya sheria.”

“Nifungwe. Sijali. Ila niache nimwone kwanza. Nimwambie nimekosa.”

Kuluthumu alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kuhurumia upesi, lakini yule bwana alikuwa amemaliza kusema yote bila kubakiza, na pingu zingeweza kungoja mfukoni mwa Mudrick. Alikuwa anafungua mdomo kukubali pale mlango wa wodi ulipofunguka, na yule muuguzi mnene akatoa kichwa nje, uso wote umechangamka.

“Ndugu wa Emilia? Mungu mkubwa! Tumemtoa mrija, amefumbua macho. Sauti haijakaa sawa lakini anaita Meshack. Meshack ndiye wewe?”

Meshack aliruka kwa miguu yote miwili. Chupa ya uji ikadondoka, khanga zikatawanyika sakafuni. Alipiga hatua kubwa kuelekea mlangoni, machozi yakimtiririka, akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akasimama ghafla.

“Wewe uko huku nje,” akamwambia muuguzi taratibu. “Aliyebaki naye humo ndani ni nani?”

“Daktari wa zamu.”

“Mwanamke au mwanamume?”

Muuguzi akamtazama Kuluthumu, hakuelewa. Kuluthumu alielewa. Alimshika Meshack bega, akamgeuza, akamwelekeza kule kwenye lango la kutokea.

“Mudrick, mfunge pingu, mpeleke garini.”

Kisha akaruka uji uliomwagika, akaingia wodini yeye mwenyewe, maana Emilia alikuwa bado anaita jina la mumewe.